Jumapili Iliyokuwa Tupu

Hakuna suruali iliyokuwa ikipanda ngazi za mtaa wetu wa Los Geranios bila kupitia mikononi mwa Zenaida Huarcaya. Kama ilikuwa ndefu, yeye ndiye aliyeipunguza. Kama ilikuwa na zipu mpya, yeye ndiye aliyeitia, na kama ilikuwa imepasuka mahali pa aibu, yeye ndiye aliyeiziba na kukaa kimya. Miaka kumi na tisa alikuwa ameketi dirishani kwake katikati ya mlima, kusini kabisa mwa Lima, cherehani yake ya ovaloki ikinguruma mbele yake, akiwajua majirani kwa viuno vyao kabla ya majina yao. Mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye ulimi usiokaa likizo. Mwenye kiburi pia, tuseme tu ukweli, maana tunampenda.

Kiburi chake kilikuwa hiki: hakuwahi kufanya poyada. Sisi wa mlimani kila mtu amefanya yake. Bati limepeperuka, mtoto anaingia chuo, babu anapasuliwa tumbo: unachapisha tiketi, unawagawia majirani, na Jumapili wanakuja uani kwako kula kuku aliyelowekwa kwenye pilipili nyekundu, kunywa bia na kucheza kumbia mpaka viatu viombe radhi. Pesa ya kuku inarudisha gharama ya kuku, na pesa ya bia ndiyo inayomaliza shida. Jirani akikuletea tiketi huulizi maswali mengi. Unachukua, kwa sababu zamu yako inakuja. Zenaida alichukua tiketi za kila mtu. Zamu yake haikuja, na alipenda watu wajue hivyo.

Mpaka alipoleta friza.

Friza ilikuwa wazo lake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu, jambo lililomuudhi kuliko deni lenyewe. Kiangazi kile kilikuwa cha moto, na jirani mmoja wa ngazi za juu alikuwa akiuza barafu za pasheni kwenye vimfuko, watoto wamejipanga mlangoni kwake tangu asubuhi. Zenaida akaziona zile pesa zikipita mbele ya dirisha lake zikipanda juu. Akashuka mjini, akachukua friza nyeupe, kubwa ya kulaza ng'ombe, kwa malipo ya kila mwezi. Friza ilifika Aprili. Mei ukafika ukungu, na ukungu wa Lima ukishafika hauna haraka ya kuondoka. Unalowesha nguo kambani, unaingia hadi kwenye soksi, na hakuna mwana wa Adamu anayelamba barafu ndani yake. Barafu mia mbili za pasheni zikalala humo ndani, zikiungurumiwa na umeme wa kulipia.

Duka likataka chake. Zenaida akamkopa Mama Olinda ili amalizane na duka, yaani alichimba shimo la pili apate udongo wa kufukia la kwanza. Mama Olinda alikuwa na kibanda cha nyuzi na vifungo sokoni, lakini nyuzi zilikuwa kisingizio tu, kazi yake hasa ilikuwa kukopesha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuandika. Na aliandika kwamba Zenaida asipomaliza deni kufikia Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, ovaloki itahama. Zenaida alitia sahihi huku akicheka. Ilipofika Agosti, bado anadaiwa soli elfu moja na mia nane, kicheko kilikuwa kimemtoka kabisa. Bila ovaloki yeye si fundi, ni mwanamke aliyekaa dirishani.

"Kuna hawa," akasema mumewe, Abelino, akiweka kadi ndogo mezani. Abelino aliendesha bajaji, na kadi za namna ile zilikuwa zikisukumizwa ndani ya bajaji yake kila siku: MKOPO LEO LEO, HATUULIZI MASWALI.

"Hawaulizi maswali kwa sababu majibu wanayafuata wenyewe na pikipiki," akasema Zenaida. "Unamkumbuka yule wa genge la mboga, pale chini?"

"Si alihama?"

"Alihama bila viatu, Abelino." Akaichukua kadi, akaitumia kuwashia jiko.

"Basi tuuze friza."

"Nani atanunua friza na baridi hii? Pengwini?"

"Haya basi, mama. Sema wewe."

Zenaida alikuwa analijua neno, na Abelino alikuwa anajua kwamba analijua, na wote wawili wakanywa supu yao wakilizunguka.

Aliyelitamka ni Domitila. Domitila aliuza kuku sokoni, na ndiye aliyemsimamia binti wa Zenaida ubatizo. Tangu siku hiyo wawili hao waliitana komadre, hata wakiwa wanatukanana.

"Komadre, fanya poyada."

"Mimi?"

"Hapana, askofu. Wewe, ndiyo! Umekula kuku za watu miaka kumi na tisa, waache nao wale zako."

"Watasema Zenaida kafilisika."

"Si umefilisika?"

Wakatazamana. Domitila ndiye aliyeanza kucheka, Zenaida akafuata, halafu Zenaida akalia kidogo, halafu wakacheka tena mpaka Abelino akaja kuchungulia kuna nini. Baada ya hapo kichwa cha Zenaida kikawa chepesi, kama mtu aliyevua kiatu cha kubana.

Ikabaki sababu ya kuandika kwenye tiketi. Kwetu tiketi lazima iseme poyada ni ya nini, na karibu zote husema ni kwa ajili ya afya ya fulani.

"Tuandike upasuaji wa Abelino," akasema Domitila. "Ana goti bovu."

"Goti langu liko salama!" akasema Abelino kutoka jikoni.

"Ulichechemea jana."

"Nilikanyaga kisoda!"

"Hapana," akasema Zenaida. "Nikidanganya goti, mwaka mzima itabidi achechemee. Andika ukweli." Akavuta karatasi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: POYADA KUBWA YA KUIOKOA OVALOKI YA ZENAIDA, ILIYOWEKWA REHANI KWA UJINGA WAKE. Na neno ujinga aliliandika lote.

Siku nayo ilipatikana kwa miujiza. Kwenye mlango wa jiko la jumuiya kuna karatasi ambapo kila mtu huandika tarehe ya poyada yake, zisije zikagongana. Septemba ilikuwa imejaa. Oktoba imejaa. Novemba, mpaka mwishoni. Ila katikati ya msongamano ule wote kulikuwa na Jumapili moja nyeupe, haijaguswa na kalamu ya mtu, na ilikuwa ndiyo ile ya kuamkia Jumatatu ya Mama Olinda. Domitila akapiga ishara ya msalaba. Zenaida akaandika jina lake kwa herufi kubwa kabla mtu hajatokea, wakakumbatiana pale mlangoni.

Tiketi zikauzika ajabu. Alikuwa amejiandaa kusutwa, akapanda ngazi ameuma meno, lakini watu wakisoma neno ujinga walikuwa wanaangua kicheko na kwenda kutafuta pesa.

"Na mimi nina wangu," akasema mama mmoja wa ngazi za juu, "ila sikuwahi kuuchapisha." Akachukua tiketi nne. Mzee Teófanes, fundi viatu, alichukua sita akasema ovaloki ile inaijua suruali yake kuliko marehemu mkewe. Kila mlango ulikuwa na kitu cha kurudisha: upindo uliofanywa bure siku ya msiba, sare ya shule iliyolipiwa kwa malimao. Zenaida alishuka na tiketi tatu tu mkononi kati ya mia moja na sitini, na uso wake ulikuwa umewaka kwa furaha na haya pamoja.

Zikabaki siku kumi. Kuku alishawaagiza kwa Domitila. Akaenda kwa Fulgencio wa ghala la bia kuomba makreti hamsini, alipe baada ya kuuza, kama desturi.

"Jumapili ipi hiyo, mama Zenaida?"

"Ya tarehe nne."

Fulgencio akaacha kuandika. "Na tarehe nne kuna nini?"

"Poyada yangu."

"Na nini tena?"

"Kuna nini tena? Sema, baba, nina kazi."

Fulgencio alinyoosha tu kidole. Ukutani, nyuma ya kichwa cha Zenaida, mgombea umeya mwenye meno ya mita nzima alikuwa amekenua, na chini ya kidevu chake ilikuwa imeandikwa tarehe. Zenaida alikuwa amepita mbele ya meno yale kila siku kwa miezi mitatu.

"Uchaguzi," akasema Fulgencio kwa upole. "Tangu Jumamosi asubuhi mpaka Jumatatu asubuhi bia haiuzwi. Na karamu ni marufuku mpaka kura zifungwe. Ulidhani kwa nini Jumapili hiyo ilikuwa tupu?"

Mlima mzima ulijua isipokuwa wao komadre wawili. Na walionunua tiketi je? Walidhani anajua, wakasema Zenaida ana mpango wake, Zenaida si mtu wa kukosa mpango.

Zenaida aliporudi nyumbani na habari hizo, Domitila alishika kiuno, akafikiri. "Tutie bia kwenye mabirika ya chai."

"Na watu wakianza kuimba?" akauliza Abelino.

"Tutasema chai ilikolea."

"Faini yake ni kubwa kuliko deni," akasema Zenaida, na safari hii hakucheka mtu.

Akapiga moyo konde, akaenda sokoni kwa Mama Olinda kuomba wiki mbili zaidi. Mama Olinda alikuwa anapanga vifungo kwa rangi. Alisikiliza mpaka mwisho, hata alitikisa kichwa kwa huruma.

"Mwanangu, nikikupa wewe wiki mbili, kesho mlima mzima utakuja kuniomba mwezi. Jumatatu. Nitakuja na mkokoteni, usijisumbue kuibeba."

Siku iliyofuata Zenaida alishona vibaya. Alivunja sindano mbili. Alianza kuiangalia ovaloki kwa jicho la kuagana, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Ndipo Mzee Teófanes alipoingia na suruali ya sufu kwapani.

"Ipunguze vidole viwili, binti yangu. Naitaka Jumamosi, nikapige kura nikiwa mtu wa watu."

"Kura yako inaona suruali, mzee?"

"Foleni inaona! Safari iliyopita nilisimama muda wa saa tatu pale shuleni, jua kichwani, tumbo linanguruma, na huwezi kutoka maana ukitoka umepoteza nafasi, na usipopiga kura unatozwa faini. Mlima mzima tuko pale kama mbuzi wa mnada, na cha kutafuna hakuna, ila yule mama wa mihogo iliyochacha."

Zenaida akainua mguu kutoka kwenye pedali.

"Rudia hapo, mzee."

"Mihogo iliyochacha?"

"Mlima mzima."

"Mlima mzima tuko pale, ndiyo. Njaa tupu."

Alimbusu Mzee Teófanes kwenye paji la uso. Mzee alitoka pale bila kujua amefanya nini, lakini amefurahi.

Karamu ni marufuku, bia ni marufuku, lakini kula si marufuku. Kama watu hawawezi kuja kwa kuku, kuku wataenda kwa watu. Siku tatu nyumba ile haikuwa nyumba. Friza ile ile iliyomletea balaa ikatolewa barafu za pasheni na kujazwa kuku waliolowekwa, wekundu mpaka mifupani. Domitila alichemsha mapipa ya chicha ya mahindi ya zambarau, yenye maganda ya nanasi na mdalasini, kinywaji ambacho hakijawahi kumlewesha mtu wala kumkasirisha polisi. Na watu waliokuwa wanasafiri kwenda kupiga kura mikoani kwao wakapita dirishani kuaga.

"Kuku wangu muuze tena," akasema wa kwanza.

"Si umeshamlipia?"

"Ndiyo nasema muuze tena. Si ujinga wako? Uutumie." Na wote waliosafiri wakasema hivyo hivyo, kwa hiyo kuku zaidi ya arobaini walikuwa wanakwenda kuuzwa mara mbili bila mtu kuibiwa.

Jumapili ukungu uliinuka mapema kuliko kawaida. Saa mbili asubuhi foleni ya shule ilikuwa imezunguka ukuta mzima, na bajaji ya Abelino ikatokea kwenye kona imebeba masufuria mawili ya kuku wa kukaanga, moto, harufu ikitangulia. Polisi aliyekuwa langoni aliwafuata mbio.

"Mama, hapa haparuhusiwi. Sogea mpaka ng'ambo ya kona."

"Nasogea, afande. Utakula paja au kidari?"

"Nipo kazini." Akatazama sufuria. "Paja."

Ng'ambo ya kona ikawa ndiyo pahali. Wenye tiketi walituma mtu mmoja wa familia na tiketi zote, wengine wakiwa wameshikilia nafasi. Wasio na tiketi wakanusa, wakauliza, wakalipa taslimu. Mkono wa Domitila haukupumzika kumimina chicha ya kulipia, iliyoshika nafasi ya bia. Muziki ulikuwa hauruhusiwi, kwa hiyo hakuna aliyeleta spika, lakini huwezi kuwapa watu wetu kuku wa pilipili halafu ukatarajia wasimame wima. Mwanamke mmoja alianza kuguna kumbia, wa nyuma yake akapiga makofi, na baada ya muda foleni nzima ilikuwa inayumba kushoto na kulia ikielekea kwenye sanduku la kura. Yule polisi alitazama, akaona hakuna sheria inayokataza mabega, akaendelea kula.

Saa nne hivi msimamizi mmoja wa kura alitoka ndani akikimbia.

"Nani Zenaida? Kuna mama meza ya kumi na saba anasema umtumie sahani, tafadhali, anazimia."

"Mama gani?"

"Mama Olinda, wa vifungo."

Domitila alipiga yowe la furaha. Mama Olinda, kwa kuogopa kupoteza asubuhi ya biashara, alikuwa amefika wa kwanza kabisa. Na kila mtu kwetu anajua usifike wa kwanza: wasimamizi wa meza wasipotokea, watu wa mbele kwenye foleni ndio wanaokamatwa kukaa badala yao mpaka jioni.

"Mpelekee shingo," akasema Domitila. "Shingo mbili."

Zenaida alishika uma juu ya sufuria, na tusiseme uongo, alifikiria shingo. Kisha akachagua paja kubwa kuliko yote, akalizidishia viazi na saladi. "Mwambie ni soli kumi na tano kama watu wote."

Baada ya robo saa msimamizi akarudi. Mama Olinda alikuwa anataka sahani nyingine sita za wenzake wa mezani, na pesa hii hapa, noti mpya zimekunjwa vizuri. Saa nane ya mchana hapakuwa na kuku. Mzee Teófanes, ndani ya suruali yake ya sufu, alikuwa wa mwisho kula, akakombeza sufuria na kipande cha kiazi, akasema amepiga kura mara kumi na nne maishani mwake na hii ndiyo ya kwanza iliyomletea faida.

Jumatatu asubuhi Domitila alizichukua sarafu zote kwa ajili ya chenji ya genge lake la kuku, akazibadilisha kwa noti. Zenaida akaziweka kifuani, akaenda sokoni kabla mkokoteni haujampita njiani. Mama Olinda alikuwa ndiyo kwanza anafungua kibanda, macho mazito kwa usingizi. Alihesabu noti mara mbili. Alipofika kwenye zile mpya zilizokunjwa vizuri alisita, akazigeuza, akazitambua, na kona ya mdomo wake ikacheza.

"Umenilipa kwa pesa yangu."

"Kuku alikuwa wangu, mama."

Mama Olinda akatoa karatasi ya mkopo, akamrudishia. Kisha akaegemea kaunta, sauti yake imelainika.

"Sikiliza, mwanangu. Wewe una mkono. Mimi nimekula kuku mji huu mzima, sijala kama ule. Nikupe elfu tano. Fungua kibanda cha kuku pale langoni mwa soko, na jina lako juu. Utanilipa kidogo kidogo."

Moyo wa Zenaida uliruka. Aliliona jina lake, herufi nyekundu, na taa pembeni. Aliziona sahani, aliiona foleni isiyohitaji uchaguzi. Aliyaona yote kwa uwazi ule ule aliokuwa ameziona nao zile pesa za barafu za pasheni.

"Rehani?" akauliza.

"Ovaloki. Si ipo?"

"Ipo," akasema Zenaida, na pale pale akajua kwamba ipo, iko nyumbani, ni yake, asubuhi ile hakuna mtu duniani mwenye kipande chake hata kimoja. "Hapana, mama. Kibanda nitakifungua siku nitakayokuwa na pesa za kibanda. Sasa hivi nina suruali kumi na moja zinanisubiri na uzi umeniishia. Nipe boksi la mweusi."

Mama Olinda alimtazama, akavuta pumzi, akateremsha boksi. "Soli kumi na nane."

Zenaida akatoa noti ya ishirini. Mama Olinda akavuta droo: tupu, ndiyo kwanza asubuhi. Akapapasa mfuko wa aproni, akainua kopo la vifungo akatazama chini yake.

"Sina chenji," akasema. "Chukua tu uzi. Utanidai soli mbili."

Zenaida hakuondoka. Aliinama juu ya kaunta, akalivuta lile daftari refu la wadaiwa la Mama Olinda, akalifungua ukurasa mpya, akamsogezea pamoja na kalamu.

"Andika, mama," akasema.

Na Mama Olinda, ambaye kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kuliandika jina lake mwenyewe humo, alishika kalamu na kuanza kuandika, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.